Baba yangu hutibu ini kwa majani, mimi nameza vidonge kwa siri

BARUA

Shikamoo Mama,

Nakuandikia usiku, wenzangu wamelala. Nina miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa miaka mitatu.

Baba yangu ni mganga wa tiba asili. Si mpiga ramli. Ni mtu wa majani na mizizi, alirithi kazi kwa babu yake, na watu hufunga safari kutoka Moshi na Dar es Salaam kumfuata kwa ajili ya ini. Dawa ya ini ndiyo iliyonisomesha. Ada ya sekondari, chuo cha ualimu, godoro la bweni, vyote vilitoka kwenye zile chupa. Sijawahi kumwonea haya Baba, na nakuomba usinijibu kwa kumdharau.

Mwaka jana dada yangu alijifungua kwa upasuaji akahitaji kuongezewa damu. Nikajitolea. Baada ya muda nikapigiwa simu nirudi, nikaambiwa damu yangu haikuweza kutumika kwa sababu ina virusi vya homa ya ini aina B. Nikarudia kipimo miezi sita baadaye, virusi bado vipo. Daktari akasema ni vingi, na ini limeanza kupata makovu kidogo. Akanianzishia tenofovir, kidonge kimoja kila siku. Nilipoanza, kile kipimo cha ini kiitwacho ALT kilikuwa 71. Baada ya miezi minne kilishuka hadi 29, daktari akafurahi.

Mwezi wa tano mama yangu aliona karatasi ya vipimo kwenye mkoba wangu akampelekea Baba. Baba alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika bibi. Alisema, "Nimetibu watu wa mbali, kumbe ugonjwa umelala nyumbani kwangu." Kesho yake, na umri wake ule, alipanda mwenyewe mlimani kutafuta mizizi. Aliporudi akaniwekea sharti moja: nisiguse dawa ya hospitali, kwa sababu dawa mbili hugombana tumboni. Nikaitikia kwa mdomo.

Tangu mwanzoni mwa Juni nakunywa dawa ya Baba nusu glasi asubuhi na jioni. Ndani yake kuna manjano mengi, pilipili manga, mmea mmoja mdogo unaoota hata kando ya madarasa, wenye vitunda vya mviringo vilivyojipanga chini ya jani, na mizizi ambayo hata mimi sijaonyeshwa. Kaka yangu, ambaye siku hizi ndiye anayesimamia duka, ameniongezea vidonge vya silimarini alivyonunua Kariakoo. Anasema ni mbigili wa Ulaya, nao ni majani vilevile, na wazungu wamethibitisha. Vidonge vya tenofovir nimevificha kwenye kabati langu shuleni, nyuma ya boksi la chaki.

Mwisho wa Julai nilipimwa tena. ALT ilikuwa 212. Daktari akaniuliza, "Kuna dawa nyingine unatumia? Za kienyeji?" Mama, dakika kumi kabla yangu nilimsikia akimfokea mzee mmoja kwa sababu hiyohiyo, mlango uko wazi na benchi zima linasikia. Nikasema hapana. Akasema nirudi baada ya wiki mbili.

Nyumbani nako hakukaliki. Mume wangu anajua nina tatizo la ini, lakini vidonge hakuvijua. Siku moja nilivileta nyumbani akakiona kichupa, akatafuta jina kwenye simu, akakuta ni dawa ya UKIMWI. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Hizi ni za nini?" nikamjibu ni vitamini. Tangu hapo ananiangalia kama mgeni. Hajapimwa, maana Baba alimpa chupa ya kinga akaona yatosha. Wifi naye amenitengea kikombe na sahani.

Linalonikosesha usingizi ni hili. Kama dawa ya Baba ndiyo iliyonipandishia ini, basi wale wanaopanga foleni barazani kwake kila Jumamosi nao wanaumizwa. Nikimwambia, nitamuua yule mzee. Nikinyamaza, nitakuwa nimewaacha wale watu. Nikiacha dawa yake atajua. Nikiacha vidonge naogopa. Nifanye nini?

Binti wa mganga, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuubeba mzigo huu peke yako kwa miezi yote hiyo.

Kuna jambo halikuweza kusubiri gazeti, nami nilikuandikia siku ileile nilipoipata barua yako. Nalirudia hapa kwa ajili ya wengine walio kama wewe. Tenofovir usiiache ghafla bila daktari wako kujua, kwa sababu virusi vilivyokuwa vimelazwa vinaweza kuamka kwa kishindo na kulipiga ini vibaya sana. Yale mengine, yaani chupa na vidonge vya Kariakoo, yapumzishe mpaka daktari akuone. Na macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, ukatapika mfululizo au ukaanza kuchanganyikiwa, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tuzungumze taratibu.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa wodi ya wanawake. Wagonjwa wa ini niliwaona wengi. Nakumbuka chupa chini ya vitanda, zimefungwa kwenye khanga. Tulikuwa tukizikuta tunafoka, tunazimwaga sinkini mbele ya ndugu. Hakuna aliyewahi kutuambia ndani ya chupa mna nini, wala sisi hatukuwahi kuuliza kwa sauti ambayo mtu angeweza kuijibu. Kwa hiyo uliposema "hapana" mbele ya daktari, mlango uko wazi, sikushangaa. Uongo ule haukuwa wako peke yako. Sisi tuliovaa sare tuliutengeneza pamoja nawe.

Umeniletea swali kama fundo moja: Baba ameniumiza, nimwambie au nisimwambie? Nimeisoma barua yako mara nne, na naona kuna jambo umelichukua kuwa limekwisha kuthibitika wakati bado. Unaamini dawa ya Baba ndiyo iliyoipandisha ALT. Huenda ni kweli. Lakini kipimo hicho chenyewe hakisemi hivyo. ALT ni kimeng'enya kinachoishi ndani ya seli za ini. Seli ikiumia, kinavuja na kuingia kwenye damu. Namba ikiwa 212 inatuambia nyumba inaungua. Haituambii nani aliwasha moto.

Umesema tenofovir iko kabatini shuleni, nyuma ya boksi la chaki. Jumamosi na Jumapili ulikuwa unaimeza vipi, mwanangu? Na Juni shule zilipofungwa, wiki zile zote za likizo, kabati lilikuwa na kufuli na wewe uko nyumbani? Umeandika kwamba siku moja ulivileta vidonge nyumbani, mumeo akakiona kichupa. Baada ya hapo ulithubutu kuvileta tena? Sikuulizi kwa kukushitaki. Nakuuliza kwa sababu kama uliruka siku nyingi, virusi vyenyewe vinaweza kuwa vimeinuka, na hapo Baba yako na mizizi yake wangebeba lawama isiyo yao. Yawezekana pia ni mambo mawili kwa pamoja. Daktari anaweza kupima wingi wa virusi kwenye damu na kuanza kutenganisha hili na lile, lakini hawezi kutenganisha asichokijua.

Tuje kwenye chupa yenyewe, kwa heshima uliyoiomba. Sina sababu ya kudharau majani. Dawa mseto ya malaria unayowaona watoto wa darasani kwako wakimeza, sehemu yake moja ilizaliwa kwenye mmea. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliipata artemisini mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiongozwa na maandishi ya kale ya waganga wa kwao, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Na sehemu ninayoipenda zaidi katika kisa hicho ni hii: mwanzoni majaribio yalikuwa yakigoma. Aliporudi kwenye andiko la kale akaona halisemi kuchemsha, linasema kuloweka majani na kuyakamua. Akatambua kwamba huenda joto ndilo lililokuwa linaiharibu dawa, akaikamua kwa njia isiyohitaji joto kali. Mmea ulikuwa uleule, na matokeo yakawa tofauti kabisa. Kwa hiyo mtu akiniambia "hii ni majani," hajaniambia bado kitu cha kutosha. Nataka kujua ni sehemu gani ya mmea, imeandaliwaje, ni kiasi gani kwenye glasi, na inakwenda kwa mtu mwenye ini la namna gani.

Ule mmea mdogo wenye vitunda chini ya jani, kwa unavyoueleza nahisi ni wa jamii ya Phyllanthus. Siwezi kuapa bila kuuona. Kama ndio wenyewe, Baba yako hakuubahatisha, maana unatumika kwa ini tangu zamani, India hasa. Mwaka 1988 watafiti wa Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai, wakishirikiana na Baruch Blumberg, yule aliyevigundua virusi vya homa ya ini B, walitoa matokeo yaliyowasisimua wengi. Kati ya watu 37 waliotumia unga wa mmea huo kwa siku 30, 22 walipopimwa tena alama ya virusi haikuonekana kwenye damu; kati ya 23 waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na dawa ndani, kwa ajili ya kulinganisha, ni mmoja tu. Hebu fikiria furaha ile! Lakini wengine walipojaribu, Thailand na New Zealand wakiwemo, hawakuyapata matokeo yale. Tathmini kubwa iliyokusanya majaribio hayo mwaka 2011 haikuona ushahidi wa kuaminika kwamba mmea huo unawashinda virusi kuliko dawa bandia. Nakueleza haya ili ujue kwamba mtu mwenye akili timamu na nia njema anaweza kuona wagonjwa wakipata nafuu barazani kwake, akaamini kwa moyo wake wote, na bado swali likabaki wazi. Homa ya ini B ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na watu wazima wengi wanaoambukizwa ukubwani huipona bila dawa yoyote. Aliyekuja kwa Baba wiki ile ugonjwa unashuka ataondoka akimshukuru mpaka kufa kwake.

Vidonge vya kaka yako navyo vina historia yao. Silimarini hutoka kwenye mbegu za mbigili wa Ulaya, na kaka hakudanganya aliposema wazungu wanaitumia. Kwao, mtu aliyekula uyoga wa sumu hupewa sehemu yake moja kwa dripu hospitalini. Lakini huo ni uyoga. Nchini Marekani mwaka 2012 walitoa matokeo ya kuwajaribu wagonjwa 154 wa homa ya ini C, kwa dozi kubwa na kwa wiki 24, na ALT zao hazikushuka kuliko za waliopewa dawa bandia. Kwa wengi silimarini haina madhara makubwa. Wasiwasi wangu uko zaidi kwenye kichupa cha Kariakoo: nani anajua kilichomo ni kile kilichoandikwa?

Manjano ndiyo ingenifanya nikae nawe chini tuzungumze kwa muda. Ya kwenye pilau au mchuzi wa samaki haina neno, wala usiitupe jikoni. Ila ikiwa nyingi, ikichanganywa na pilipili manga, mambo hubadilika, kwa sababu pilipili manga huufanya mwili uinyonye kwa kiasi kikubwa kuliko kawaida. Miaka ya karibuni madaktari wa Italia na wa Marekani wameandika kuhusu watu walioumia ini baada ya kutumia manjano ya vidonge. Katika ripoti moja ya Marekani ya mwaka 2022 walikuwa wagonjwa 10, saba kati yao wakiwa na urithi fulani wa kijeni unaofanana, na mmoja alifariki. Yaani kitu hichohicho kinampita jirani salama na kukuangusha wewe. Je, glasi ya Baba inafikia kiasi hicho? Mimi sijui na wewe hujui, na huenda hata Baba hajui, maana hupima kwa kiganja.

Halafu kuna mizizi ambayo hujaonyeshwa. Zipo familia za mimea zenye sumu inayoziba mishipa midogo ndani ya ini. Kaskazini mwa Ethiopia, jimbo la Tigray, kuanzia mwaka 2001 kulikuwa na watu waliovimba matumbo na kufa, na uchunguzi ukaelekea kwenye sumu ya aina hiyo kutoka kwa gugu la mashambani lililoingia kwenye nafaka. Siisingizii mizizi ya Baba. Nakumbusha pia lile tunalolijua kwetu: kitu kikihifadhiwa vibaya kikaota ukungu, sumukuvu huingia. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara mahindi ya namna hiyo yaliua watu karibu 20. Mizizi na unga wa majani vikikaa kwenye gunia lenye unyevu haviko salama kuliko mahindi, na mtu mwenye virusi vya B sumukuvu humwongezea sana hatari ya saratani ya ini. Muulize kaka wanakaushia wapi, na wanahifadhi kwenye nini. Swali hilo hata mganga mwenyewe hawezi kulichukia.

Sasa Baba. Aliposema dawa mbili hugombana tumboni, sikucheka. Amesema jambo ambalo wafamasia husoma miaka mingi kulielewa. Zinaweza kugombana kweli. Tofauti yangu na yeye ni ipi ipumzishwe, na hapo nasimama upande wa dawa ambayo kiasi chake kimepimwa na iliyokwisha kukushusha kutoka 71 hadi 29. Nilikuwa kazini mwaka 2011 wakati watu walipokuwa wakimiminika kwa Babu wa Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Hofu yetu wodini haikuwa kile kikombe. Tulikuwa tukiwahofia waliorudi wakiamini wamepona, wakaziacha dawa zao.

Unasema ukimwambia utamuua. Yule mzee aliyepanda mlima kwa miguu yake kwa sababu yako, una hakika anachokilinda zaidi ni jina lake? Mimi katika barua yako nimemwona baba aliyeogopa kumpoteza mtoto, akakimbilia chombo pekee anachokijua mkono wake. Huenda nimekosea, wewe unamjua. Lakini jiulize anapoumwa yeye mwenyewe huenda wapi. Meno yake hung'olewa na nani? Presha yake hupimwa wapi? Wazee wengi wa majani ninaowafahamu hawana ugomvi na hospitali hata kidogo. Wana ugomvi na kudharauliwa.

Njia zilizo mbele yako nitakueleza ninavyoziona, na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kuanza na daktari, kabla ya mtu mwingine yeyote. Hapo hakuna wa kumvunja moyo ila wewe mwenyewe kwa dakika chache. Kama mdomo utakuwa mzito, andika kwenye karatasi: nilichotumia, tangu lini, kiasi gani, siku ambazo tenofovir iliruka. Beba kichupa cha silimarini, na dawa ya Baba kidogo kwenye chupa safi. Omba mlango ufungwe, ni haki yako. Atafoka? Inawezekana. Ukiona huwezi yule, muulize muuguzi wa kliniki kama kuna daktari mwingine. Mwiba wa njia hii ni kwamba akikuambia "acha," utarudi nyumbani na swali lilelile la glasi ya jioni.

Unaweza kuacha kunywa kimyakimya na kumwaga nyuma ya nyumba. Wengi hufanya hivyo na siwalaumu. Ini lako litapumzika. Lakini ALT ikishuka na Baba akaona unanawiri, ataamini ni dawa yake, na mgonjwa anayefuata ataambiwa, "Hata binti yangu imemponya." Hilo najua litakuumiza kuliko vyote, maana wewe ndiye uliyewataja wale wa Jumamosi.

Au unaweza kumwendea. Si lazima uende na neno "umeniumiza," ambalo hata hujui kama ni kweli. Ungeweza kwenda na karatasi yenye namba tatu, 71, 29, 212, na kumwomba mganga asome pamoja nawe. "Baba, hapa nilikuwa nameza kidonge. Hapa nikaongeza dawa yako, na huenda vidonge vingine niliviruka. Ini limepanda. Nisaidie tuelewe." Ukifanya hivyo utakuwa umekiri kwamba ulimdanganya, na hilo litamchoma, jiandae kwa siku za kununiwa, pengine wiki. Kaka anaweza kuwaka kuliko Baba, kwa kuwa duka liko mikononi mwake. Kama yupo shangazi au baba mdogo ambaye Baba humsikiliza, usiende bila yeye. Na kama moyo haujawa tayari, kuanza na daktari hakukufungii mlango wa Baba.

Kuhusu wagonjwa wake, sidhani kwamba mzigo wote huo ni wako, lakini sitakuambia uutupe, maana naona hutaweza. Nchi yetu ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na Baraza linalosajili waganga. Chuo cha Muhimbili kina Taasisi ya Tiba Asilia, na Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sampuli za dawa za asili. Baba anaweza kuipeleka dawa yake. Atahofia kuibiwa siri, na ni hofu ya kweli iliyowapata wengi. Anaweza pia kuambiwa jambo asilopenda kulisikia. Lakini kuna hatua ndogo isiyomgharimu siri wala mteja: kila anayekuja kwa ini amwulize kama amepima, na asimwambie aache dawa ya hospitali. Neno hilo moja likibadilika barazani kwake, wewe utalala. Anayeweza kumwomba ni mtoto wake, siku mtoto akiwa tayari.

Mumeo sasa. Hapa nitakuwa na haraka kidogo, kwa sababu naona ukimya huu unakula ndoa yako kila siku. Hakuuona uongo kwenye simu: tenofovir ni kweli hutumika kwa wenye VVU, ikiunganishwa na dawa nyingine. Ila yenyewe peke yake ndiyo pia dawa ya homa ya ini B. Maelezo hayo ni mafupi na yanathibitika, mwende pamoja kliniki ayasikie kwa mtaalamu. Akishasikia, apimwe. Akikutwa hana virusi wala kinga, kuna chanjo, sindano tatu. Chupa ya Baba haiwezi kushika nafasi yake. Mpaka hapo mtumie kondomu. Mtoto wako naye apimwe, hata kama alipata chanjo zake za wiki ya 6, 10 na 14, kwa sababu virusi hivi mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Na dada zako, na mama yako. Wewe mwenyewe unaweza kuwa ulizaliwa navyo.

Wifi umwambie, au mumeo amwambie, kwamba homa ya ini B huenda kwa damu, kwa kujamiiana na kwa kuzaliwa. Haiendi kwa ugali wala kwa kikombe. Wembe na mswaki ndivyo visivyoazimwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 254 wanaishi na virusi hivi mwaka 2022, na wengi wao wanakula sinia moja na familia zao.

Kabla ya kliniki, hamisha vidonge kutoka nyuma ya boksi la chaki. Viweke mahali utakapoviona kila asubuhi, hata wakati wa likizo. Ukirudi, niandikie ALT imefika ngapi. Na kama Baba atakuuliza chochote, niandikie alikuuliza kwa maneno gani.